Tuzo ya Taifa ya Kujisahau

Mambo haya yalitokea Mangwaru, nchi ambayo hutaikuta kwenye ramani kwa sababu aliyepewa zabuni ya kuichora bado anatafuta kalamu. Mimi ni mwananchi mtiifu wa huko. Nasimulia nilivyoona na nilivyosikia, na pale nisipoelewa, naamini serikali inaelewa.

Mwaka ule Mtukufu Rais alikwenda ziara ya kikazi barani Asia. Kazi yenyewe hatukuambiwa, na sisi si watu wa kuulizauliza. Huko wenyeji wake walimwalika kwenye sherehe kubwa ya kuwatuza watu waliotumikia wengine bila kujifikiria wao wenyewe. Mtukufu aliukubali mwaliko mara moja, kwa kuwa alidhani anayetuzwa ni yeye.

Aliyeitwa jukwaani alikuwa bibi mmoja daktari, amevaa malapa, ambaye umri wake wote aliumalizia kisiwani akiwatibu wenye ukoma. Ukumbi mzima ukasimama. Wahudumu waliweka sinia chini wakapiga makofi, mabalozi wakafuta machozi, na hakuna askari aliyekuwa amewaamuru. Hilo la askari ndilo lililomuumiza Mtukufu. Alipoingia yeye walikuwa wamesimama pia, lakini walisimama kama watu wanaompisha mtu apite kwenda msalani.

Aliporudi aliwaita mawaziri wote kabla hata mizigo haijashushwa.

"Kwa nini mimi sijawahi kupewa kile kitu?" akauliza.

Waziri wa Mambo ya Nje alikohoa, akaeleza kwamba tuzo ile ni ya watu wa Asia. Ndipo Waziri wa Ardhi aliponyoosha mkono akasema mipaka ni suala la kitaalamu, linaweza kuangaliwa. Basi jopo la wapima ardhi likatumwa Asia kuchunguza kama Mangwaru inaweza kuhesabiwa huko. Walikaa hoteli ya ufukweni msimu mzima, wakarudi wamenenepa, na taarifa yao ilisema kwamba katikati kuna bahari, ila si pana kama watu wanavyodai.

Hatimaye iliamuliwa tuwe na tuzo yetu. Jina alilitunga Mtukufu mwenyewe: Tuzo ya Taifa ya Kujisahau. Watu wa mitaani waliposikia walicheka hadi wakakaa chini, maana kwetu mtu aliyejisahau ni yule aliyepata cheo akaacha kuwasalimia shangazi zake. Ikulu hakuna aliyecheka. Nami naona jina lilikuwa sahihi kabisa.

*

Kamati ya Tuzo ilipewa katibu, Bwana Desderi Lukoye, mtu mwembamba mwenye suti rangi ya maziwa na kipaji cha kuongea asubuhi nzima bila neno lake hata moja kugusa ardhi. Mtangazaji wa redio alimuuliza kwa nini masharti yanataka mgombea awe waziri au zaidi.

"Ili ujisahau, ni lazima kwanza uwe na nafsi ya kusahau," Lukoye alijibu kwa upole. "Mwananchi wa kawaida nafsi yake ni ndogo. Akiisahau, nani atagundua?"

Mawaziri wakajitokeza wote. Waziri wa Maji alieleza kwamba amejisahau kiasi cha kuyasahau na maji yenyewe. Spika alidai kuwa bungeni hulala kwa niaba ya wananchi waliochoka. Lakini aliyeshinda ni Waziri wa Afya, Mheshimiwa Fulgence Magwaya, kwa kuanzisha Jiko la Huruma, ambalo huwalisha bure wagonjwa wasio na ndugu katika Hospitali Kuu.

Mheshimiwa Magwaya alipata habari kwamba kuna jiko siku ileile tuliyopata habari kwamba amelianzisha.

*

Hospitali Kuu ya Mangwaru haimlishi mgonjwa. Inampa kitanda, kikiwepo, na ndugu zake ndio wanaomletea chakula. Asiye na ndugu hulala akisikiliza vijiko vya wenzake. Bi Mastura Ngalomba aliligundua hilo alipokuwa akimuuguza dada yake. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mwanamke ambaye, kila bakuli zilipoingia wodini, aligeukia ukutani akajifanya amelala. Dada alifariki. Siku iliyofuata Bi Mastura, badala ya kukaa matangani, alirudi na sufuria ya uji, akamgusa bega yule mwanamke, akamwambia, "Geuka huku, unajua na mimi najua kwamba hujalala."

Tangu siku ile hakuacha. Alijenga kibanda cha mabati nyuma ya mochwari, mahali ambapo hakuna mkubwa aliyepataka. Wauza mboga wa sokoni walimwachia mchicha uliobaki, mwenye mashine ya kusaga akamgawia unga, na wanawake wa mtaani kwake wakaja kwa zamu kukoroga. Usidhani alikuwa mama mpole wa kwenye kalenda. Alikuwa mkali, mwenye sauti ya kufukuza kunguru, na mgonjwa aliyekataa kula alitukanwa mpaka akapata hamu.

Mmoja wa watu wake alikuwa Mzee Chiponda wa Wodi ya Tatu. Enzi zile nchi yetu ilipokuwa na treni alikuwa mshika bendera wa stesheni. Sasa kifua chake kilikuwa kimechoka, akipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda. Kabila lake na la Bi Mastura ni watani, kwa hiyo hawakuwahi kuongea vizuri.

"Mtani, huu ni uji au umeosha vyombo ukaniletea?" angeuliza, akivuta pumzi katikati ya maneno.

"Kunywa. Watu wa kwenu mmezoea kula panya, utajuaje ladha ya uji."

Mzee alikuwa akicheka hadi nesi Edelina, aliyesimamia wodi ile, alimwomba Bi Mastura ampunguzie utani maana hewa itamwishia.

*

Lukoye alifika jikoni asubuhi moja, akiruka madimbwi kwa ncha za viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unatafuta mochwari, mlango ni ule."

"Natafuta Jiko la Huruma."

"Silijui. Hapa ni kwa Mastura."

Lukoye akatabasamu, akaeleza kwamba Mheshimiwa Waziri atatuzwa kwa ajili ya jiko hili alilolianzisha.

"Alilianzisha lini?"

"Kimawazo, mama, zamani sana. Sasa tunakuomba siku ya sherehe usimame ukumbini utoe shukrani kwa niaba ya wanaolishwa."

"Mimi silishwi hapa. Mimi ndiye ninayepika."

"Ndiyo maana tumekuchagua. Una sura ya mtu anayeweza kushukuru."

Bi Mastura aliendelea kukoroga. Lukoye akashusha sauti kama mtu anayemhurumia. Alisema maofisa wa afya wameshtuka kugundua kuna jiko lisilo na kibali karibu na mochwari. Walitaka kuja na tingatinga. Yeye mwenyewe aliwasihi wasubiri, maana si vizuri kubomoa jiko ambalo limepewa heshima ya taifa. Shukrani zikishatolewa, kila mtu atasahau habari ya kibali.

"Na nikishukuru, mtatuacha tupike?"

"Mtapika hadi mchoke, mama yangu."

Alipoondoka, wale wanawake wenzake walimzunguka. Mmoja akamuuliza kama kweli atakwenda kumshukuru mtu asiyemjua.

"Nitashukuru," Bi Mastura alisema. "Kushukuru hakutaniunguza mdomo. Kwanza watu wapate kula."

*

Siku ya sherehe watu wa televisheni walifika hospitali mapema kupiga picha za Jiko la Huruma na wanufaika wake. Wakaingia Wodi ya Tatu, wakatoka haraka wameziba pua. Walimweleza Lukoye kwamba wagonjwa wale hawafai: wamekonda mno, wengine wanakohoa, na mmoja ana macho ya kumwangalia mtu kama anamdai.

Serikali yetu haishindwi na jambo dogo kama wagonjwa. Kabla jua halijawa kali, Vijana wa Hamasa wa chama waliletwa kwa basi, wakavalishwa nguo za hospitali na kulazwa kwenye vitanda. Walikuwa na mashavu, walikuwa na meno, waligonjweka vizuri. Wagonjwa wenyewe walibebwa wakapelekwa kwenye gereji ya magari ya wagonjwa, ambayo ilikuwa tupu kwa kuwa magari hayo huwapeleka wake za wakubwa saluni.

Nesi Edelina alisimama mbele ya kitanda cha Mzee Chiponda.

"Huyu haondoki bila mtungi wake," alisema.

Lukoye akauangalia mtungi, akamwangalia mpiga picha. Mpiga picha akatikisa kichwa. Alisema mtungi ule ndio kitu pekee mle ndani kinachoonyesha kwamba hii ni hospitali, na kwenye picha unang'aa vizuri.

"Ni kwa muda mfupi tu, dada," Lukoye akamwambia Edelina. "Mzee atajisahau kidogo kwa ajili ya taifa."

Bi Mastura alimkuta Mzee Chiponda gerejini, amelazwa kwenye mkeka juu ya sakafu yenye oili. Bi Mastura mwenyewe alikuwa amevaa kitenge chake kipya cha ukumbini na mkononi ana bakuli. Akapiga magoti. Midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi, na kifua kilipanda na kushuka kama kinasukumwa na mtu mwingine.

"Mtani," alisema kwa shida, "umependeza. Nani amekufa?"

"Nyamaza, usimalize hewa. Edelina amekwenda kuuchukua mtungi."

Edelina alikuwa amekwenda kweli. Alikuta mlango wa wodi umefungwa kwa ndani, na mlinzi wa televisheni akimwonyesha kidole mdomoni kwamba wanarekodi. Mle ndani Mheshimiwa Magwaya alikuwa akimlisha kijana wa Hamasa uji kwa kijiko, na kwa kuwa kijana alikuwa akicheka, walilazimika kurudia mara nyingi. Edelina aligonga mlango mpaka mikono ikamuuma. Baadaye mwongozaji alilalamika kwamba kelele zile ziliharibu sehemu moja nzuri.

Mzee Chiponda alifariki akiwa ameegemea paja la Bi Mastura. Uji ulikuwa haujapoa. Alimfumba macho, akamvua kofia yake ya reli, akaikunja akamwekea kifuani. Kisha gari la Kamati likapiga honi nje, na dereva akaja kumwambia kwamba wakubwa wanasubiri.

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa watumishi wa umma walioletwa kwa hiari yao, wizara kwa wizara. Pembeni ya jukwaa alisimama askari mwenye bendera mbili. Bendera ya kijani ikipanda, watu wanapiga makofi; nyekundu ikipanda, wananyamaza; zikipanda zote mbili, wanasimama. Askari alikuwa ameagizwa apandishe bendera kila msemaji anapovuta pumzi.

Lukoye alisoma wasifu wa mshindi. Alisema Mheshimiwa Magwaya huwakumbuka wanyonge hata anapokuwa nje ya nchi kwa matibabu. Bendera ikapanda. Akasema Asia nzima sasa itatuonea wivu. Zikapanda zote mbili, tukasimama. Mtukufu Rais aliyapokea makofi hayo kwa niaba ya mshindi.

Ndipo akaitwa mama wa Jiko la Huruma atoe shukrani. Maneno alikuwa amekaririshwa: Ahsante Mheshimiwa kwa kutukumbuka hata ulipojisahau. Alishika kipaza sauti, akaangalia watu.

"Naitwa Mastura Ngalomba," alisema. "Leo asubuhi mtani wangu Chiponda amekufa gerejini."

Bendera ya kijani ikapanda. Tukapiga makofi.

Alisubiri, akadhani hatukusikia. "Amekufa kwa kukosa hewa. Mtungi wake ulibaki wodini kwa sababu mlitaka uonekane kwenye picha."

Makofi tena, na wale wa safu ya mbele, ambao waliagizwa kuguswa moyo, wakatoa vitambaa.

"Huyu Waziri simjui. Sijamwona jikoni hata siku moja. Mnampigia makofi ya nini?"

Zikapanda bendera zote mbili. Ukumbi mzima ukasimama. Mtukufu naye akasimama, akiwa amelainika kabisa, maana ilikuwa ni kama kule Asia. Bi Mastura aliendelea kuongea, midomo yake tukaiona, lakini bendi ilikuwa imeanza na hakuna aliyemsikia tena. Lukoye alimshika mabega, akambusu paji la uso mbele ya kamera, akamwelekeza mlango wa nyuma. Huko nje alishika ukuta, akatapika kwenye maua ya serikali.

Mshindi akapanda kupokea tuzo. Katika hotuba yake fupi, ambayo ilimalizika jua likiwa limeanza kushuka, alilitangazia taifa kwamba kwa nguvu ya Jiko la Huruma, wagonjwa wote wa Wodi ya Tatu wamepona, wakiwemo waliokata tamaa, na kwamba kuanzia leo wodi hiyo haina mtu. Kila aliyetazama televisheni aliwaona kwa macho yake wakiinuka vitandani, wakitoka nje wanaimba.

*

Siku ya pili yake Bi Mastura na wanawake wenzake walikwenda mochwari na sanda, kumchukua Mzee Chiponda wakamzike, maana ndugu zake walikuwa mbali, na mtani ana haki yake. Msimamizi wa mochwari, Bwana Ngwali, aliwatazama kwa masikitiko.

"Siwezi kuwapa, mama. Huyu hajafa."

"Unasemaje?"

"Alikuwa Wodi ya Tatu. Wodi ya Tatu wamepona wote, Waziri ametangaza. Nikimtoa kama maiti nitakuwa nampinga Waziri. Nina watoto."

"Yuko humo ndani?"

"Yumo."

"Ni mzima?"

Ngwali aliangalia huku na huku. "Kwa mujibu wa tangazo, ndiyo."

"Sasa mtu mzima mnamfungia mochwari kwa kosa gani?"

Bwana Ngwali alifikiri. Alikuwa mtu wa sheria, na hilo hakuwa ameelekezwa. Bi Mastura alimsogelea.

"Mimi sijaja kuchukua maiti," alisema taratibu. "Nimekuja kumchukua mtu aliyepona nimpeleke nyumbani. Fungua mlango atoke."

Msimamizi alifungua. Alisaidia hata kumweka kwenye machela, akatandaza sanda kama mtu anayemfunika mgonjwa asipigwe na baridi. Walipofika getini, mlinzi, mzee mmoja mstaafu wa jeshi aitwaye Pondamali, aliwasimamisha akauliza huyo ni nani.

"Ameruhusiwa," Bi Mastura akajibu.

Pondamali aliuona uso uliofunikwa. Alivua kofia, akainua kizuizi, akasema, "Safari njema, mzee."

Kaburini watu walisubiri utani. Ni kazi ya mtani kusema maneno ya kuwachekesha waombolezaji, na Bi Mastura alikuwa akisifika kwa hilo mtaani kwetu kote. Alisimama kwenye udongo, akafungua mdomo. Alitaka kumwiga Waziri, nadhani, kwa sababu alitoa tumbo mbele na kuinua kidole. Lakini neno halikutoka. Alibaki hivyo, kidole juu, kisha akageuka pembeni akatema mate, akachukua jembe mikononi mwa kijana mmoja akaanza kufukia yeye mwenyewe. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwondoa.

*

Waliporudi jikoni walikuta limezungushiwa kamba ya rangi za bendera. Kibao kilisema: Makumbusho ya Chimbuko la Huruma. Ni marufuku kupika. Masufuria yote yalikuwa yamepakwa rangi ya dhahabu, ndani na nje, na kupangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Mwiko wa Bi Mastura ulikuwa ndani ya kisanduku cha kioo, chini yake wameandika kwamba ulitumiwa na Mheshimiwa Magwaya.

Nesi Edelina alikuja mbio kutoka wodini. Wagonjwa walikuwa wamerudishwa vitandani, lakini kwa kuwa serikali ilishatangaza kwamba hawapo, daktari alikuwa amekatazwa kuwazungukia na stoo ilikataa kuwatolea dawa. Dawa alikuwa akiziomba wodi nyingine, kidonge hapa kidonge pale.

"Nani amekula?" Bi Mastura akamuuliza.

"Hakuna. Wamenywa maji."

Bi Mastura aliyaangalia masufuria ya dhahabu. Mmoja wa wanawake alianza kulia, akauliza sasa watapikia wapi. Bi Mastura aliwatuma wawili warudi msibani wakachukue masufuria ya kuazima, yeye akavuka barabara, akaokota mawe matatu makubwa akayapanga mkabala na geti la hospitali, pale pale wanapopita wakubwa na magari yao. Alikunja kitenge chake kipya hadi magotini akapuliza moto. Askari wa barabarani alisogea, akasimama, akaona sura yake, akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Uji ulipoiva, Edelina akapewa ndoo. Alivuka nayo, mikono yote miwili, akiinama kwa uzito. Mzee Pondamali akatoka kibandani kwake.

"Ndoo inakwenda wapi?"

"Wodi ya Tatu."

"Wodi ya Tatu haina mtu," Pondamali alisema, kama alivyoagizwa.

"Najua," alisema Edelina. "Na hawajala tangu jana."

Mlinzi akainua kizuizi.